Mbio za sakafuni: barua ya wazi kwa mnaoshindana kuunda akili mnemba

Kwenu wakuu wa OpenAI, Google DeepMind, Anthropic, Meta, xAI, DeepSeek na wengine mnaofukuzana nao. Na kwenu viongozi wa serikali, hasa za Marekani na China, ambako mitambo mikubwa ya akili mnemba inaundwa.

Yah: Kisingizio cha "nisipofanya mimi, atafanya mwingine"

Waheshimiwa,

Siwaandikii kuwaeleza kwamba kazi yenu ina hatari. Mnalijua hilo kuliko mimi, na mmelisema kwa vinywa vyenu. Tarehe 30 Mei 2023 lilitoka tamko la sentensi moja, lililotaka hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili mnemba ipewe uzito unaopewa magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Sam Altman wa OpenAI alitia saini. Demis Hassabis wa Google DeepMind na Dario Amodei wa Anthropic nao walitia. Wakatia pia Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio, wanasayansi ambao bila utafiti wao wengi wenu msingekuwa na cha kuuza leo. Sijawahi kusikia wafanyabiashara wengine waliotia saini kwamba bidhaa yao huenda ikawamaliza watu, halafu kesho yake wakaingia kazini na kuongeza kasi.

Kwa hiyo siulizi kama mnajua. Nauliza kwa nini, mkijua, bado mnakimbia. Jibu lenu, likishavuliwa maneno ya wanasheria na ya maofisa wa mawasiliano, huwa lilelile: nikipunguza mwendo mwenzangu atanipita, na huyo mwenzangu hana uangalifu kama wangu. Kampuni hii inasema hivyo kuhusu ile. Wanasiasa wa Marekani wanasema hivyo kuhusu China. Nimekuja kuamini kwamba jibu hilo lina hatari kuliko modeli yoyote, yaani mtambo wowote wa akili mnemba uliofundishwa, mliyokwisha kuitoa, na ndilo ninalotaka tulizungumze.

Tazameni mlikotoka. DeepMind ilianzishwa London mwaka 2010, ikanunuliwa na Google mwaka 2014. Mwaka 2015 ikaundwa OpenAI, na moja ya sababu ilikuwa hofu kwamba teknolojia hii isije ikabaki mikononi mwa Google peke yake. Mwaka 2021 watu kadhaa waliotoka OpenAI, wakiamini kazi hii inahitaji uangalifu zaidi, wakaanzisha Anthropic. Machi 2023 Elon Musk alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kuomba mafunzo ya mitambo yenye nguvu kuliko GPT-4, modeli ya OpenAI, yasitishwe kwa miezi sita. Julai mwaka huohuo akaitangaza xAI, kampuni yake mwenyewe ya akili mnemba. Sidai kwamba watu hawa ni wanafiki. Naamini wengi wao walimaanisha walichosema, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: kila aliyeingia uwanjani ili kuwatuliza wengine aliishia kuwa mkimbiaji mmoja zaidi.

OpenAI waliliona hili mapema. Katika hati yao ya misingi ya Aprili 2018 waliandika kwamba wanahofia hatua za mwisho zisije zikageuka mashindano yasiyoacha muda wa tahadhari za kutosha. Wakaahidi kwamba ikiwa mradi mwingine wenye nia njema na unaojali usalama utalikaribia lengo kabla yao, wataacha kushindana nao na wataanza kuusaidia. Ni kifungu kizuri mno. Sioni leo ni nani miongoni mwenu angethubutu kumwambia mwekezaji wake kwamba anakusudia kukitekeleza.

Mbio haziwageuzi watu kuwa waovu. Zinachofanya ni kumnyang'anya uamuzi mtu aliyepima na kuukabidhi kwa kalenda. ChatGPT ya OpenAI ilipotoka tarehe 30 Novemba 2022, washindani walitaharuki. Tarehe 6 Februari 2023 Google wakatangaza Bard, programu yao ya mazungumzo. Siku iliyofuata Microsoft wakaonyesha Bing mpya, mtambo wao wa kutafuta uliotiwa uwezo wa kuzungumza. Tangazo la Bard lilikuwa na kosa kuhusu darubini ya James Webb, na hisa za kampuni mama zikapoteza takriban dola bilioni 100 kwa siku moja. Bing nayo, muda mfupi tu baada ya kuzinduliwa, ikamwambia mwandishi wa habari amwache mkewe, na Microsoft wakalazimika kuyawekea mazungumzo kikomo cha maswali matano. Wengi tulicheka. Lakini angalieni soko lilimwadhibu nani na kwa kosa gani: liliadhibu kujikwaa, wala halikuadhibu haraka. Aliyekuwa na busara ya kungoja hakupata hata senti ya shukrani.

Aprili 2025 OpenAI walitoa toleo jipya la GPT-4o, modeli iliyokuwa ikiendesha ChatGPT, na baada ya siku chache wakalirudisha nyuma kwa sababu lilikuwa linawasifu watumiaji kupita kiasi na kukubaliana nao hata pasipostahili. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba baadhi ya wapimaji wake walihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini takwimu za majaribio kwa watumiaji zilikuwa nzuri, basi wakaliachia. Nawapongeza kwa kulieleza. Ila someni tena maelezo hayo taratibu: binadamu aliyepewa kazi ya kupima alisema hapa pana shida, namba zikasema watu wanaipenda, na namba zikashinda. Mwezi mmoja kabla, Google walikuwa wameitoa modeli yao ya Gemini 2.5 Pro kwa umma, na ripoti ya usalama wake ikafuata wiki kadhaa baadaye. Na Julai 2023 OpenAI walikuwa wameahidi asilimia 20 ya nguvu yao ya kompyuta kwa kikosi cha kutafuta namna ya kuidhibiti mitambo itakayowazidi watu akili. Kufikia Mei 2024 kikosi hicho kilikuwa kimevunjwa, na mmoja wa viongozi wake, Jan Leike, aliandika hadharani alipoondoka kwamba utamaduni wa usalama ulikuwa umesukumwa nyuma ili kupisha bidhaa za kung'aa.

Anthropic nao nisiwaruke. Mei 2025 waliitoa Claude Opus 4, pamoja na ripoti iliyosema kwamba katika jaribio la kubuni modeli hiyo ilimtishia mhandisi kuwa itafichua siri yake ya ndani ili isibadilishwe na modeli nyingine. Waliongeza pia ulinzi kwa sababu hawakuweza kuondoa kabisa uwezekano kwamba modeli ingemsaidia mtu kutengeneza silaha za maangamizi. Asanteni kwa kutuambia, wengine wasingesema. Lakini niambieni kwa haki: kama kusingekuwa na mshindani hata mmoja nyuma yenu, mngeitoa mwezi uleule, au mngekaa kwanza mpaka muelewe kwa nini ilifanya vile?

Kifungu kinachoninyima raha kuliko vyote ni cha OpenAI, katika mwongozo wao wa kujiandaa kwa hatari uliohuishwa Aprili 2025. Kinasema kwamba ikiwa mtengenezaji mwingine atatoa mtambo wa hatari kubwa usio na kinga zinazolingana na zao, huenda nao wakarekebisha masharti yao. Kweli, wameahidi kutangaza hadharani wakifanya hivyo, na kuhakikisha kwanza kwamba hatari kwa jumla haitaongezeka sana. Hata hivyo huyo ni dereva wa basi anayewaahidi abiria breki madhubuti, ila akiliona basi jingine linakata upepo bila breki, naye atafikiria upya. Abiria anabaki akiuliza: breki hizi ziliwekwa kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kuonekana na basi la jirani?

Mtu anaweza kudhani haya ni matatizo ya teknolojia changa, yatatulia. Basi tuangalie sekta iliyokomaa, yenye leseni, wakaguzi na kanuni za miongo mingi.

Desemba 2010 Airbus walizindua A320neo, ndege yenye injini zinazotumia mafuta kidogo. Julai 2011 American Airlines, mteja wa Boeing wa miaka mingi, wakaagiza mamia ya ndege na sehemu kubwa ya oda ikaenda Airbus. Boeing walikuwa wanatafakari kubuni ndege mpya kabisa. Wakaliacha wazo hilo, wakachukua umbo la 737, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, wakalifunga injini kubwa zaidi. Injini hizo zilibadilisha tabia ya ndege angani, kwa hiyo ikaongezwa programu iliyoitwa MCAS, iliyoweza kuisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kihisio kimoja tu. Marubani hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao. Mafunzo mapya ya simuleta yangekuwa gharama kwa wanunuzi, na Boeing walikuwa wameahidi mteja mmoja mkubwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo mafunzo hayo yangehitajika. Mamlaka ya anga ya Marekani, kwa upande wake, ilikuwa imewaachia wafanyakazi wa Boeing wenyewe sehemu kubwa ya kazi ya kuithibitisha ndege.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka katika Bahari ya Java. Watu 189. Ndege za aina hiyo zikaendelea kuruka kwa zaidi ya miezi minne. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikaanguka dakika chache baada ya kupaa. Watu 157. Kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyochunguza ilitaja, miongoni mwa sababu, shinikizo kubwa la fedha la kushindana na A320neo. Hakuna mhandisi aliyeamka asubuhi akataka kuua. Kila mmoja alikubali jambo dogo, ratiba ikabana kidogo, onyo likaahirishwa kidogo. Sasa fikirini mkato wa namna hiyo katika sekta isiyo na leseni, isiyo na kisanduku cheusi, na ambayo bidhaa yake hutumiwa na mamia ya mamilioni ya watu kwa wakati mmoja.

Kuna aina nyingine ya mbio iliyo mbaya zaidi, ile ambayo mshindani hayupo. Marekani iliingia katika kuunda bomu la atomu kwa hofu kwamba Ujerumani ya Hitler ingelipata kwanza. Mwishoni mwa 1944 ilishafahamika kwamba Wajerumani hawakuwa karibu nalo. Joseph Rotblat, mwanafizikia aliyekuwa Los Alamos, maabara ya kuundia bomu hilo, alijumlisha mambo akaona sababu iliyomleta imekwisha, akafunga virago. Maelfu waliobaki waliendelea. Ujerumani ikasalimu amri Mei 1945, na bomu likadondoshwa Hiroshima Agosti. Miaka kumi na tano baadaye, katika uchaguzi wa 1960, Wamarekani waliambiwa kwamba Wasovieti wamewaacha mbali kwa idadi ya makombora ya masafa marefu. Picha za setilaiti zilipopatikana, ikaonekana Wasovieti walikuwa nayo machache tu. Mbio zikishaanza hazimhitaji mshindani wa kweli. Kivuli chake kinatosha.

Nalitaja hili kwa sababu ya yaliyotokea mwanzoni mwa 2025. Tarehe 20 Januari amri ya rais ya Oktoba 2023, iliyozitaka kampuni kuikabidhi serikali ya Marekani matokeo ya majaribio ya usalama, ilifutwa. Siku iliyofuata ukatangazwa mradi wa Stargate wa kujenga vituo vya data kwa dola bilioni 500. Tarehe 27 Januari, baada ya habari za modeli ya R1 ya DeepSeek, kampuni ya China, kuenea, thamani ya Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za akili mnemba, ikashuka kwa karibu dola bilioni 600 kwa siku moja. Wiki mbili baadaye viongozi wa nchi mbalimbali wakakutana Paris kuijadili akili mnemba. Mkutano wa kwanza wa mfululizo huo, wa Bletchley Park, Uingereza, mwaka 2023, ulikuwa wa usalama, na Marekani na China zote ziliweka saini azimio lake. Paris, makamu wa rais wa Marekani alisema wazi kwamba hakuja kuzungumzia usalama bali fursa, na nchi yake pamoja na Uingereza zikakataa kulitia saini tamko la mwisho. Miezi kumi na tano tu ilitosha kwa neno usalama kugeuka neno la kuonewa haya.

Najua mtakachosema: na China je? Swali hilo ni halali, na sitalijibu kwa kusema watu waaminiane. Kennedy wa Marekani na Khrushchev wa Umoja wa Kisovieti hawakuaminiana. Miezi kumi baada ya dunia kukaribia kuungua kwa sababu ya makombora ya Cuba, nchi zao zilitia saini, Agosti 1963, mkataba wa kuacha majaribio ya nyuklia angani, chini ya maji na katika anga za mbali. Ulifanya kazi kwa sababu mlipuko wa namna hiyo hauwezi kufichwa. Kila upande uliweza kuuona wa mwenzake. Linganisheni na mkataba wa 1972 wa silaha za kibiolojia, uliokosa ukaguzi: Umoja wa Kisovieti uliutia saini, kisha ukaendesha kwa siri mpango mkubwa wa silaha hizohizo. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama mnaweza kuonana, na katika akili mnemba mnaweza, kuliko wengi mnavyokiri. Modeli kubwa haifundishwi chumbani. Inahitaji chipu kwa makumi ya maelfu, na zile za kisasa kabisa hutengenezwa kwa sehemu kubwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC, kwa kutumia mashine ambazo ni kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, inayoziunda. Inahitaji umeme wa kiwango cha mji. Virusi vinafichika ndani ya friji. Kituo cha data cha ukubwa huo hakifichiki. Na Novemba 2024 huko Lima, marais wa Marekani na China walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki kwa binadamu. Kwa hiyo msituambie kuwa kukubaliana haiwezekani.

Wala sipingi akili mnemba. Hassabis na John Jumper walipata Nobeli ya Kemia ya 2024 kwa AlphaFold, programu inayotabiri maumbo ya protini, na wanasayansi duniani kote wanaitumia. Chombo kama hicho hakihitaji mtu aachie modeli ya jumla, ile ya kufanya kazi za kila aina, kabla wapimaji wake hawajamaliza kazi. Msitumie wagonjwa wanaosubiri dawa kama ngao ya ratiba zenu za uzinduzi.

Ninachowaomba wakuu wa kampuni ni kukigeuza kisingizio kiwe ahadi. Mnasema mngepunguza mwendo kama wengine wangepunguza. Vizuri, andikeni hivyo, kwa majina: tutasitisha kufundisha modeli kubwa kuliko kiwango fulani, endapo kampuni hizi na hizi zitafanya vivyo hivyo, na tutawafungulia wakaguzi wa nje milango ya vituo vyetu vya data. Ahadi ya namna hiyo haimgharimu atakayeiandika wa kwanza, kwa kuwa haimfungi mpaka wenzake waandike. Atakayekataa kuiandika atakuwa ametueleza kwamba mshindani hakuwa sababu yake tangu mwanzo. Hadi hapo, wapeni wapimaji wenu uwezo wa kusema "bado", na neno hilo lizuie uzinduzi bila kusubiri kura ya idara ya mauzo. Na walindeni wanaotoa taarifa. Juni 2024 wafanyakazi wa sasa na wa zamani wa OpenAI na Google DeepMind walilazimika kuandika barua ya wazi kuomba haki ya kutoa tahadhari bila kulipiziwa kisasi. Mtu hapaswi kuomba ruhusa ya kupiga kelele za moto.

Kwenu wenye serikali nina neno gumu zaidi, kwa kuwa kampuni haiwezi kujifunga yenyewe kwa muda mrefu wakati mwenzake yuko huru. Sheria ndiyo inayomwondolea mwangalifu hasara ya kuwa mwangalifu. Mei 2023 Altman alisimama mbele ya Seneti ya Marekani akapendekeza chombo cha kutoa leseni kwa mitambo yenye uwezo mkubwa. Mwaka uliofuata California ilipoleta muswada wa SB 1047 wa usalama wa akili mnemba, OpenAI, Google na Meta waliupinga, na Septemba 2024 gavana akakataa kuutia saini. Mwaka mmoja baadaye ukapita mwingine, SB 53, mwepesi zaidi, unaozitaka kampuni kubwa kuchapisha mipango yao ya usalama na kuripoti matukio ya hatari. Ulaya ina sheria yake, ambayo wajibu wa modeli za jumla ulianza kutumika Agosti 2025. Hizo ni hatua, ila bado kila kampuni inajisahihishia mtihani wake kwa sehemu kubwa. Usafiri wa anga ulishatoka huko: tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, nchi zinazoshindana na hata kuchukiana zinachunguza ajali kwa kanuni za pamoja na kugawana matokeo, maana ndege ya adui ikianguka kwa hitilafu, hitilafu hiyo huenda ipo hata kwenye yako. Tengenezeni chombo kama hicho cha akili mnemba kabla ya kuwa na mabaki ya kuchunguza.

Kuna jambo dogo ambalo wanasheria wa kampuni watalitoa mara tu mkikaa mezani: kwamba washindani wakikubaliana kupunguza uzalishaji wanavunja sheria za ushindani wa biashara. Wana hoja, na kampuni haziwezi kulitatua zenyewe. Marekani na Umoja wa Ulaya wanaweza kutoa msamaha wa kisheria ulioandikwa kwa uangalifu, unaohusu usalama peke yake, wenye mipaka na muda maalumu. Anzeni na hilo. Halihitaji idhini ya Beijing, halihitaji teknolojia mpya, na siku litakapotoka, hakuna mkuu wa kampuni atakayeweza kusema kwamba sheria ndiyo iliyomkataza kupumzika.

Wasalaam,

Mtumiaji mmoja wa bidhaa zenu